Mshona Kofia wa Ansab Aliyeandikwa "Hana Malalamiko"

Saa mbili na nusu asubuhi, ukumbini mwa nyumba moja ya kupanga huko Ansab, Maskati, mume na mke wamekaa kwenye zulia wakishona kofia moja. Bi Nasriya ana sindano katika mkono wa kushoto. Mzee Msellem, mumewe, ameshika kitambaa kwa mikono miwili, na macho yake hayabanduki kwenye ncha ya sindano.

"Vuta," anasema Bi Nasriya.

"Nshavuta."

"Vuta tena, bwana. Umeshika kofia, hukushika mkono wa bibi harusi."

Mzee anacheka, anavuta. Kisha kicheko kinamkatika. Kwenye kitambaa cheupe, pale mkewe alipoweka kidole gumba cha kulia kuzuia kwa chini, kimetokea kidoti chekundu, nacho kinakua.

"Nasriya, umejichoma."

"Wapi?"

Mwanamke huyu ameshika sindano miaka thelathini na nne, na leo anajichoma mpaka anatoka damu na hana habari mpaka aambiwe. Yeye mwenyewe hafanyi makelele. Anakata kipande cha uzi mweupe, anakitia mdomoni mpaka kinalowa, kisha anakisugua kwenye kile kidoti mpaka kinapotea.

"Damu yako huondoka kwa mate yako mwenyewe," anaeleza, bila ya kuinua kichwa. "Ya mwenzio haitoki. Hiyo elimu kanipa marehemu mama kabla hajanipa sindano."

Bi Nasriya ana miaka hamsini na saba. Alizaliwa Unguja, akaletwa Maskati na wazazi wake akiwa mtoto wa miaka minane, na kazi ya kofia alijifunza hapa hapa, chini ya jicho la mama yake. Hushona kofia za viua, zile zenye vitobo vidogo vinavyozungushiwa uzi wa hariri kimoja kimoja. Kofia nzuri ina vitobo zaidi ya elfu moja, na kitobo kimoja kikilegea, mwenye kujua kofia atakiona kutoka upande wa pili wa msikiti.

Zamani kofia yake moja ilimchukua miezi miwili na kuuzwa riali sabini. Wateja walikuwa wakingoja zamu. Bwana mmoja wa mtaa wa Qurum, mwenye cheo chake serikalini, alikuwa akimtuma dereva kila baada ya wiki mbili kuulizia kofia yake imefika wapi, na Bi Nasriya alikuwa akimrudishia dereva jibu lile lile: imefika ilipofika.

Sasa kofia moja inawachukua miezi minne, watu wawili, na huuzwa riali ishirini kwa mtu mwenye huruma.

Yaliyomfika yalianza kidogo kidogo. Miaka mitatu iliyopita vidole vilianza kumfa ganzi kila anapolala. Akaenda kwenye zahanati moja binafsi, ambayo hatuitaji jina kwa kuwa shauri bado liko mahakamani. Akaambiwa kuna mshipa umebanwa kwenye kifundo cha mkono, jambo la kawaida kwa washonaji, na kwamba upasuaji wake ni mdogo, wa dakika ishirini tu. Gharama ilikuwa riali mia nne na ishirini. Zamu yake ya mchezo wa kinamama, ule wa kuchangiana fedha, ilikuwa imefika mwezi ule, akazichukua fedha zote akazipeleka.

"Nililala pale nikiwa macho," anakumbuka. "Mkono umeshachomwa sindano ya ganzi. Mara nikasikia kitu kama umeme, kutoka kifundoni mpaka ncha ya kidole cha shahada. Nikaruka. Daktari akanambia tulia, mama, tunamaliza. Nikatulia."

Ganzi ya sindano iliondoka jioni ile. Vidole vitatu, gumba, cha shahada na cha kati, havikurudi.

Na hapa ndipo hadithi ya Bi Nasriya inapoacha njia ya kesi nyingine za namna hii. Alirudi pale zahanati mara saba. Mara saba alikaa mbele ya muuguzi, na mara saba aliulizwa kwa Kiarabu swali ambalo kila mtu wa mji huu huulizwa mara hamsini kwa siku, hali yako vipi? Na mara zote saba alijibu kama alivyolelewa kujibu.

"Alhamdulillah, sijambo," anasema. "Sasa ningesemaje? Mtu hajakaa kitako, hujamuuliza watoto wake, unamwagia maradhi yako? Mimi nlikuwa nangoja. Nilijua tukishasalimiana, ataniuliza vidole. Haniulizi. Anaandika, ananambia rudi baada ya wiki mbili. Nami narudi."

Alichokuwa akiandika muuguzi kimo kwenye faili. Mara saba, kwa maneno karibu yale yale: mgonjwa anasema hajambo, hana malalamiko.

Siku ya kutolewa nyuzi alifanya na zaidi. Alimpelekea daktari kofia, katika zile alizozishona kabla ya mkono kuharibika, imefungwa kwenye kitambaa chenye harufu ya udi. Kwao mtu akikutia mkono mwilini, hata kwa malipo, humwachi aondoke mikono mitupu. Kofia ile nayo imeandikwa. Kwenye majibu ya zahanati kwa mahakama imetajwa kuwa ni dalili kwamba mlalamikaji aliridhika na huduma.

"Nilipomsomea hilo alinitaka nirudie," anasema Noof, wakili wake, msichana wa miaka ishirini na tisa anayefanya kazi kwenye ofisi moja ya sheria Qurum. "Kisha akaniuliza, 'Kwani kaivaa?'"

Noof hachukui hata baisa moja kwa kesi hii. Bibi yake na mama yake Bi Nasriya walikuwa majirani Unguja, na yeye mwenyewe amemwita Bi Nasriya khalti, yaani mama mdogo, tangu alipojua kusema. Alimjia nyumbani siku ya Idi, akamwona akimimina kahawa. Kahawa ilijaa kikombe, ikafurika, ikammwagikia vidoleni ikiwa moto inafuka, na khalti yake akaendelea kuongea.

"Nikampokonya birika," anasema Noof. "Nikamwuliza, khalti, hivi hujasikia? Akanambia, 'Alhamdulillah, mwanangu, sasa siungui tena.' Alikuwa anafanya mzaha. Mimi nililia."

Ni Noof aliyempeleka hospitali ya serikali kupimwa mishipa ya fahamu. Majibu yalitoka yana mstari ulionyooka pale palipotakiwa kuwa na mawimbi. Daktari aliyeyasoma aliandika kuwa mshipa umekatika, na kwamba ukiunganishwa tena na mabingwa huenda ukarudisha sehemu ya hisia, lakini si yote, na kila mwaka unaopita unapunguza tumaini.

Kwa hiyo wakaamua kwenda mahakamani. Bi Nasriya hakutaka. Ilimchukua Mzee Msellem wiki tatu kumkubalisha, na hata leo akilieleza jambo hili hupunguza sauti, kana kwamba jirani atasikia kuwa amemshitaki mtu.

Shauri lenyewe ni la riali elfu ishirini na tano, nyingi zikiwa za matibabu ya kuunganisha mshipa. Lakini kabla ya neno hata moja kusikilizwa palikuwa na ada ya mahakama na gharama za kamati ya madaktari watakaolichunguza faili, jumla riali mia nane. Mzee Msellem alikuwa dereva wa wizara na sasa anaishi kwa pensheni. Wakishalipa kodi ya nyumba, umeme na maji, wanabakiwa na riali tisini za kula na kuvaa na kuwapa wageni kahawa.

Sheria inamruhusu asiye na uwezo kuomba asamehewe ada. Noof akaandika ombi, akaambatisha karatasi zote, akamwambia khalti yake aje tu, ajibu atakachoulizwa. Hakumwambia avae nini. Leo anakiri kuwa kosa lilikuwa lake.

Bi Nasriya alikwenda kumwambia hakimu kuwa ni maskini, akiwa amevaa dhahabu.

Bangili nne na mkufu, vyote vya dada yake Jawaher, ambaye alimletea mwenyewe usiku wa kuamkia siku ile na kumvalisha shingoni. Hapakuwa na ujanja wala mpango. Dada mtu anakwenda serikalini, mbele ya watu wazima wenye vilemba vyao, ataendaje shingo tupu? Jawaher alimpaka na mafuta ya udi.

Noof alipomwona akishuka kwenye gari alitaka kumrudisha, lakini jina lilikuwa limeshaitwa.

"Hakimu alimsalimia vizuri sana," anasema Noof. "Akamwuliza, maisha yenu yakoje, mama, mnapata mahitaji yenu? Na khalti yangu, na bangili zake nne, akamjibu, 'Alhamdulillah, hatukosi.'"

Ombi lilikataliwa. Hakimu aliandika kuwa mwombaji hakuonyesha dhiki, na kwa maneno yake mwenyewe hapungukiwi. Ukweli ni kwamba hakumwonea. Alimwandika kama alivyojieleza, kama alivyofanya muuguzi mara saba.

Siku ile Mzee Msellem alimkuta mkewe jikoni amesimama tu, bomba la maji limefunguliwa, mkono wa kulia uko chini ya maji ya moto. Alikuwa akijaribu kuusikia moto wake. Mzee alifunga bomba, akaufuta mkono ule kwa kanzu yake, wakakaa chini pale pale sakafuni.

"Nilikuwa nnaona haya," anasimulia mzee, na macho yanamlengalenga hata sasa. "Mimi ndiye mwanamume wa nyumba, na mimi pia mtu akiniuliza hujibu hivyo hivyo. Ukitaka jua, hata yeye huniuliza goti langu, namwambia alhamdulillah."

"Goti lako bovu miaka sita," Bi Nasriya anadakia.

"Najua bovu. Ni langu."

Jambo lililomsumbua Bi Nasriya halikuwa ada. Alihisi kuwa akisema mbele ya watu kwamba ameumia na kwamba hana, atakuwa anamlalamikia Mungu, na atakuwa ameivua sitara ya nyumba yake. Noof anasema alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu neno moja, na hakuongeza.

"Nilimwambia, khalti, shukurani ni ya Mungu. Faili ni la binadamu. Mungu anajua vidole vyako havihisi, lakini hakimu hajui mpaka umwambie."

Wakaanza kufanya mazoezi. Kila asubuhi, kabla ya sindano, Mzee Msellem alijifanya hakimu. Alijifunga kilemba chake cha Idi, akakaa kwenye kiti, akaita, "Bi Nasriya!" Kisha akamwuliza, "Hujambo?" na mkewe akatakiwa aseme kweli. Siku za mwanzo alishindwa. Akisema alhamdulillah, mdomo unajifunga wenyewe. Siku ya nne alisema, "Alhamdulillah, mkono wangu..." kisha akaangua kicheko kwa kumwona mumewe amekunja uso kihakimu. Siku ya saba alisema yote, na hakucheka, na mzee akavua kilemba akakiweka pembeni kwa sababu hakuweza kuendelea.

Noof aliwasilisha ombi jipya lenye maelezo ya benki na barua ya mwenye nyumba. Safari hii Bi Nasriya alikwenda na abaya yake ya kila siku. Kwenye kidole chake palikuwa na pete ya ndoa tu.

Hakimu alikuwa yule yule. Akamsalimia kwa swali lile lile. Noof anasema alifumba macho.

"Nikasema alhamdulillah," anasimulia Bi Nasriya. "Siwezi kuwacha, na sitaki kuwacha. Lakini sikukoma hapo. Nikasema, alhamdulillah, na vidole vyangu vitatu vimekufa, na kazi yangu imekufa pamoja navyo, na nyumbani kwetu tunabakiwa na riali tisini mwezi mzima, na ile dhahabu niliyokuja nayo ilikuwa ya dada yangu."

Hakimu akamwuliza, kwa nini ulivaa dhahabu ya dada yako kuja kuomba msamaha wa ada?

"Nikamwambia, Sheikh, nilikuwa nnakuja mbele yako."

Karani aliinama kuficha kicheko. Hakimu hakucheka. Noof anasema aliuliza mwaka aliozaliwa mama huyu na mahali, akaandika. Baada ya siku tisa jibu likatoka. Ada zote zimesamehewa, na shauri lisikilizwe.

Tulipompigia simu wakili wa zahanati, alisema mteja wake anakana uzembe wowote na kwamba hawatazungumza zaidi mpaka mahakama iamue. Ni haki yao.

Bado lile faili lipo, na bado mara saba limeandikwa hana malalamiko. Mwezi ujao Bi Nasriya ataitwa mbele ya kamati ya madaktari, na kamati itamsikiliza yeye, na kusikiliza faili, na kutazama kipimo cha hospitali. Itatazama pia kitu kimoja ambacho Noof alikiona kwa bahati, kwenye mkoba wa plastiki juu ya kabati, siku alipokuja kuchukua nakala za vitambulisho.

Ilikuwa kofia ya Mzee Msellem.

Kila Idi kubwa, kwa miaka thelathini na moja ya ndoa yao, Bi Nasriya amemshonea mumewe kofia mpya. Hiyo haiuzwi, na haina zamu. Ile ya mwisho aliianza kabla ya upasuaji, akafika nusu. Baada ya upasuaji akaiendeleza kwa siri, kwa mkono ule ule wa kulia, akidhani mkono utazoea. Nusu ya kwanza vitobo vimejipanga vyembamba, sawa sawa, kila kimoja na mwenzake. Kisha, bila ya onyo, vinaanza kulegea na kutanuka, nyuzi zinapishana, na hapa na pale pana madoa ya damu ambayo hakuyaona kwa wakati, yakakauka. Mahali pa mwisho alipofika pana kitobo kimoja ambacho amekirudia mara nyingi mpaka kitambaa kimechanika. Akaiweka juu ya kabati, akamwambia mumewe uzi umekwisha dukani.

Idi mbili zimepita tangu hapo. Mzee alivaa kofia ya zamani, na kila aliyemwuliza alimwambia ile ndiyo anayoipenda.

"Nilijua iko juu ya kabati," anasema sasa. "Mimi ndiye ninayefuta vumbi humo ndani."

Noof aliomba aipeleke mahakamani iwe kielelezo. Alituambia kwa uaminifu kuwa upande wa pili utasema mtu anaweza kushona vibaya kwa makusudi, na kwamba kofia peke yake haishindi kesi. Lakini ikikaa karibu na kipimo cha mishipa, anaamini madaktari wale watayasoma yale ambayo muuguzi hakuyaandika. "Khalti yangu alilalamika," anasema. "Alilalamika kwa sindano. Hakuna aliyemtazama mikono."

Siku ya kuikabidhi, Mzee Msellem alikwenda mwenyewe. Karani alipoitia kofia kwenye bahasha na kuibandika namba, mzee hakuondoka dirishani. Alitaka karatasi. Karani akamwambia, mzee wangu, kitu hiki hakina thamani ya kuandikiwa hati, ni kofia mbovu na haijamalizika. Mzee akamjibu kwa adabu kuwa anaijua thamani yake, naye atangoja hapo hapo mpaka aandikiwe. Akaandikiwa. Hati ile ameikunja ndani ya pochi, pamoja na kitambulisho chake.

Bi Nasriya anasema hajui Mungu amemwandikia nini kwa madaktari wale. Akishinda, atakwenda kuunganishwa mshipa, na akirudishiwa hata hisia ya kidole kimoja atashukuru. Akishindwa, angalau maneno yake yatakuwa yameandikwa mahali kama alivyoyasema. Ila lipo moja ameshalipangia.

"Ile kofia ikirudi," anasema, huku sindano ikiingia na kutoka, "ntaifumua upande ule mbaya niushone upya. Haya yangu yote imeonekana mle."

"Hufumui kitu," Mzee Msellem anamkatiza, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti yake haina mzaha. "Ile ni kofia yangu, na hati ninayo. Vitobo vilivyobaki utavimaliza kwa mkono wowote Mungu atakaokupa. Nami siku ya Idi ntaivaa, na upande uliopinda ntauweka mbele."

Bi Nasriya ameinamisha kichwa kwenye kitambaa, anakitafuta kitobo kinachofuata, na sindano imesimama hewani haiendi popote. Mzee anamsubiri. Kisha anamwuliza polepole, kama wanavyofanya kila asubuhi wakingoja siku ya kamati.

"Hujambo, Nasriya?"

"Alhamdulillah," anasema, na hakomi hapo. "Vidole vitatu havihisi. Moyo unahisi. Vuta, bwana."